Mgonjwa wa Saratani Aulizwe Pia Habari za Moyo

Katika Afrika ya Mashariki salamu ni adabu kabla ya kuwa habari. Mtu akiulizwa, "Habari za nyumbani?" hujibu, "Nzuri," hata kama usiku uliopita hakupata usingizi na unga umekwisha chomboni. Hakusema uongo, ametimiza heshima. Mwenye neno zito moyoni hungoja aulizwe mara ya pili, na aulizwe na mtu aliyeketi, si mtu anayepita njia. Desturi hiyo ni njema barazani. Lakini ikiingia pamoja na mgonjwa katika chumba cha daktari, na hasa mgonjwa wa saratani aliyerudi kuchunguzwa baada ya matibabu, huweza kufunika jambo ambalo lingepaswa kuonekana mapema.

Hospitali nyingi duniani zina taratibu moja. Mgonjwa aliyemaliza dawa hupewa tarehe ya kurudi: baada ya miezi mitatu, kisha sita, kisha mwaka. Akifika hupimwa uzito, hupimwa nguvu ya damu, hutolewa damu ya maabara, hupapaswa mahali palipokuwa na uvimbe. Kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Mwisho huulizwa, "Unajisikiaje?" naye hujibu, "Sijambo, Sista." Jibu hilo nalo huandikwa, kana kwamba ni kipimo kama vile vingine. Sivyo. Ni salamu.

Ufuatiliaji wa wagonjwa si jambo geni mjini Kampala. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko kilimani Mulago, ilianza mwaka 1967 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutibu uvimbe wa watoto unaovimbisha mataya, ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliueleza kwa wataalamu mwaka 1958. Tangu mwanzo ilifahamika kwamba kumpa mtoto dawa na kumwacha aende zake hakutoshi. Wafanyakazi walisafiri mpaka vijijini kuwatafuta watoto waliotibiwa, wapate kujua nani yu hai na nani uvimbe umemrudia. Waganga wageni walipoondoka katika miaka ya 1970, Wauganda wenyewe waliishika kazi hiyo, wakaiendeleza katika miaka migumu ya vita na uhaba.

Ufuatiliaji wa namna ile uliongozwa na swali moja kuu: je, uvimbe umerudi? Swali hilo ni la haki, na litabaki. Lakini kadiri watu wengi zaidi wanavyoishi baada ya saratani, limejitokeza swali la pili ambalo haliwezi kujibiwa kwa picha wala kwa maabara. Je, aliyenusurika anaishi vipi na yale yaliyompata?

Wengi hudhani kwamba taabu ya moyo huwa kubwa siku ile daktari anapolitamka jina la ugonjwa, kisha hupungua siku baada ya siku. Kwa wengine ni hivyo. Kwa wengine mambo huenda kinyume. Wakati wa matibabu mgonjwa ana kazi ya kufanya: kuamka alfajiri, kupanda taksi, kupanga foleni, kuvumilia dawa. Majirani huja na matooke, shemeji huja kufua nguo, mchungaji au shehe huja kuomba dua. Dawa zikiisha, wageni nao hupungua. Nyumba nzima hushukuru kwamba mambo yamekwisha, na mgonjwa hutakiwa ashukuru pamoja nao. Ndipo usiku unapokuwa mrefu. Kila kichomi kifuani ni ugonjwa unarudi. Kila tarehe ya kurudi kliniki ni kama siku ya hukumu, na wiki moja kabla yake chakula hakipiti kooni. Juu ya hayo kuna nauli, karo ya shule, madeni ya matibabu, na kumbukumbu ya mambo kama yale ya mwaka 2016, wakati mashine pekee ya kutibu kwa mionzi nchini Uganda ilipoharibika, na wagonjwa wakakaa na hofu mpaka mashine mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018.

Hisia hizo si ukosefu wa imani wala uhaba wa shukrani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet Oncology ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wa saratani wanaohudumiwa hospitalini, kama 30 hadi 40 huwa na aina fulani ya maradhi ya hisia, yakiwemo sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Nyingi za tafiti hizo zilifanywa katika nchi tajiri. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mzigo ni mwepesi zaidi kwa anayetoka Arua au Soroti na kulala kwenye mkeka ugenini akingoja zamu yake.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba ya askari, kwa maana nyumba kama hiyo si ngeni kwa wasomaji. Mume ni koplo. Uganda imepeleka askari Somalia tangu mwaka 2007, naye yuko huko zamu yake. Mke amebaki kambini na watoto watatu. Amekatwa titi moja, amemaliza dawa, nywele zimeanza kuota. Simu ikilia jioni, mume huuliza, "Mama watoto, huku nyumbani kukoje?" Mke hujibu, "Huku salama, baba. Na huko?" Mume husema, "Huku pia salama." Mke hakusema kwamba hajitazami tena kwenye kioo, wala kwamba anaogopa siku mumewe atakaporudi likizo. Mume hakusema kwamba siku ile walipoteza mwenzao barabarani. Kila mmoja amemhurumia mwenziwe, na huruma ya wote wawili imewaacha kila mtu peke yake. Mke huyo akifika kliniki na kuulizwa anajisikiaje, jibu analijua kwa moyo, maana amelifanyia mazoezi kila jioni.

Mwanamume naye ana kifungo chake. Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba mbele ya mkubwa hakuna maumivu. Akiulizwa, hukaza mwili na kujibu, "Niko sawa, afande." Mafunzo hayo humfaa vitani. Lakini mzee mstaafu aliyetibiwa saratani ya tezi dume, ambaye sasa mkojo humponyoka na nguvu za kiume zimempungukia, huyatumia mafunzo hayo hayo mbele ya muuguzi msichana wa rika la binti yake. Husema yuko sawa. Kisha huacha kwenda msikitini au kanisani kwa kuogopa harufu, huacha kuketi na wenziwe, na mkewe hudhani amekasirishwa na jambo fulani la nyumbani.

Kwa ajili ya watu kama hao waganga wamebuni njia za kuuliza ambazo hazimlazimishi mtu kuanza yeye mwenyewe. Mwaka 1998, katika jiji la New York, daktari Jimmie Holland na wenzake waliokuwa wakiwahudumia wanaume wenye saratani ya tezi dume walichora kwenye karatasi picha ya kipimajoto chenye alama kuanzia 0 hadi 10. Mgonjwa huombwa azungushe duara kwenye tarakimu inayoonyesha kiasi cha dhiki aliyoipata wiki iliyopita, siku ya leo ikiwa ndani yake; 0 ni hakuna dhiki, 10 ni dhiki iliyopita zote. Pembeni huorodheshwa mambo yanayoweza kuwa chanzo: fedha, usafiri, watoto, usingizi, maumivu, hofu, mambo ya imani. Mwongozo wa Marekani husema kwamba anayeonyesha 4 au zaidi aketishwe na kuulizwa kwa kina. Neno "dhiki" lilichaguliwa kwa makusudi. Mtu akiambiwa ana ugonjwa wa akili hushtuka. Akiulizwa kama ana dhiki, huona ni jambo la binadamu wote.

Afrika nayo haikukaa kungoja vya wengine. Chama cha Afrika cha Tiba Shufaa, yaani tiba ya kumwondolea mgonjwa maumivu na dhiki, kina makao yake makuu Kampala. Chama hicho kilitengeneza hojaji yenye maswali 10, ambayo majibu yake hupimwa kuanzia 0 hadi 5. Maswali 7 ni ya mgonjwa: maumivu yakoje, una wasiwasi kiasi gani juu ya ugonjwa, umeweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, unaona maisha yana thamani, una amani. Maswali 3 yaliyobaki huulizwa mtu anayemuuguza, na hapo ndipo ilipo busara kubwa, maana dhiki ya saratani hailali kwenye kitanda kimoja. Kwa asiyejua kusoma, maumivu hupimwa kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni kwamba hakuna, vidole vitano vilivyonyooshwa ni kwamba yamezidi yote. Kazi hiyo haihitaji umeme wala mashine, nayo huchukua dakika chache.

Lakini karatasi njema ikisomwa kwa lugha isiyofaa haisaidii kitu. Katika kliniki za Kampala mazungumzo mengi huendeshwa kwa Kiganda au Kiingereza. Familia za askari na polisi hutoka Acholi, Lango, Teso, West Nile, Busoga na kwingineko, na lugha inayowaunganisha kambini ni Kiswahili, kama ilivyokuwa tangu enzi za King's African Rifles. Mama wa Kilugbara anayejua Kiganda cha sokoni tu ataweza kununua nyanya kwa lugha hiyo, lakini hataweza kuieleza huzuni yake. Mara nyingi mtoto aliyesoma hufanywa mkalimani. Hilo ni kosa, hata likifanywa kwa nia njema, kwa kuwa hakuna mama atakayesema mbele ya mwanawe kwamba amechoka kuishi. Afadhali atafutwe muuguzi au mhudumu mwingine anayejua Kiswahili, au mtu mzima ambaye mgonjwa amemchagua mwenyewe.

Maneno nayo yana uzito wake. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Rakai na Masaka kabla ya mwaka 2003 hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza wanavijiji wenyewe wanaiitaje taabu ya moyo, wakajibiwa kwamba iko *okwekyawa*, yaani kujichukia, na iko *okwekubagiza*, yaani kujisikitikia. Kwa Kiswahili vilevile mtu anaweza asikubali kwamba ana sonona, bali akakiri kwamba moyo ni mzito, kwamba anawaza mno, kwamba haoni mbele. Mwulizaji mwerevu hufuata neno la mgonjwa.

Hapana budi pia kuwa na uangalifu katika kupambanua. Kukonda, uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula huweza kuletwa na saratani yenyewe, na dawa zake, au na upungufu wa damu. Kwa hiyo waganga hutazama zaidi dalili nyingine: kutofurahia hata yale aliyoyapenda, kujilaumu pasipo kosa, kujiona mzigo kwa nyumba, kukata tamaa, kulia kila mara au kuwa kama jiwe asilie kabisa, na hali hiyo kuendelea kwa wiki mbili au zaidi. Maumivu nayo yatibiwe kwanza, au angalau sambamba, maana mtu aliyechomwa na maumivu usiku kucha hawezi kuulizwa habari za amani. Kwa jambo hilo Uganda ina sifa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, iliingiza matumizi ya mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea kazi hiyo waiandike dawa hiyo, ili mgonjwa asimngoje daktari aliye mbali.

Yapo basi maswali, na wapo watu wa kuyauliza. Hata hivyo, tarakimu si tiba. Kumpima mtu dhiki, kuandika 8 kwenye faili, kisha kumwambia arudi baada ya miezi mitatu, ni sawa na kumpima homa na kumnyima dawa. Pengine ni vibaya zaidi, kwa kuwa amefunua kifua chake bure, na safari ijayo atajibu 0. Mambo mawili yaliyothibitishwa yanaonyesha njia.

La kwanza lilifanyika Uskochi. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 500 wa saratani waliogunduliwa kuwa na sonona baada ya kuulizwa kwa utaratibu kliniki. Nusu yao waliendelea na huduma za kawaida. Nusu ya pili waliwekwa mikononi mwa wauguzi wa saratani waliofundishwa kazi hiyo, wakisimamiwa na madaktari wa akili, wakishirikiana na daktari wa mgonjwa. Baada ya wiki 24, katika kila 100 waliohudumiwa kwa mpango huo, 62 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Katika huduma za kawaida walikuwa 17 tu. Wote waligunduliwa kwa njia moja; kilichowatenganisha ni kile kilichofanyika baada ya kugunduliwa.

La pili lilifanyika Uganda yenyewe, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka vilivyokuwa vimeumizwa sana na UKIMWI. Wenye sonona walikutanishwa katika vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakazungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, bali watu wa eneo hilo waliofundishwa kwa muda mfupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa kama 7 tu kwa kila 100, ilhali katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa kama 55. Wagonjwa wale hawakuwa wa saratani, lakini funzo ni la wote: nchi isiyo na madaktari wa akili wa kutosha inaweza kuwatibu watu wake kwa mazungumzo yenye mpango.

Kwa hiyo aliye na dhiki ndogo anaweza kusaidiwa na muuguzi mwenye subira, au na aliyewahi kuugua akapona. Mwenye shida ya nauli au karo apelekwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii, kwa sababu dhiki ya fedha haiponi kwa nasaha tupu. Mwenye sonona nzito aonwe na mtaalamu, na huenda akahitaji dawa. Jina la Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, limefanywa tusi katika mitaa ya Kampala, hata watu huogopa kwamba kusema "nina huzuni" ndiyo njia ya kupelekwa huko. Hofu hiyo haina msingi. Wengi wenye dhiki hutibiwa wakiwa nyumbani kwao, nao hurudi kazini.

Nyumbani pia pana kazi. Mke, mume au mtoto mkubwa hahitaji kuwa mganga. Achague saa tulivu, aketi, aulize mara ya pili baada ya kuambiwa "sijambo": "Najua umesema hujambo. Lakini usiku unalala? Kitu gani kinakusumbua zaidi wiki hii?" Kisha anyamaze. Asiseme, "Jikaze," wala, "Fulani alikuwa na hali mbaya kuliko wewe." Maneno hayo hufunga mlango uliokuwa umeanza kufunguka.

Mgonjwa akisema kwamba afadhali afe, asikemewe wala asipuuzwe. Aulizwe waziwazi kama anawaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitalini. Katika nyumba ya askari kuna jambo moja zaidi, nalo halina mjadala: kama silaha ya kazi iko karibu, irudishwe ghalani kwa mkubwa wa zamu kabla ya lolote lingine. Dawa na sumu za wadudu nazo zifungiwe. Mkubwa wa kikosi anayepokea taarifa kama hiyo na aichukulie kama taarifa ya majeruhi. Asiifanye utovu wa nidhamu.

Zaidi ya hayo, wiki moja kabla ya tarehe ya kurudi kliniki, mgonjwa na mwenziwe waandike kwenye karatasi mambo matatu yanayousumbua moyo, kama wanavyoandika majina ya dawa. Karatasi hiyo wapewe daktari au muuguzi hata kama hawakuuliza. Aliyeshindwa kusema kwa mdomo huweza kusema kwa kalamu. Na anayemsindikiza mgonjwa, Sista akiuliza habari za moyo, asimjibie. Ampishe, hata kama itabidi atoke nje kidogo, ili mwenye mzigo auseme mwenyewe.